Wasindikizaji wa Ludilo

Siku ya Kuulizana iliangukia Jumamosi ya pili ya Juni, na kama kila mwaka, Ludilo ilikuwa na baridi inayong'ata masikio. Watu walitembea kutoka zahanati hadi uwanja wa mpira, fulana za njano wamezivaa juu ya masweta, kwaya ikitangulia na ngoma mbili. Mwaka wa kwanza waliotembea walikuwa mia nane. Mwaka huu Edina Ngailo, aliyekuwa na mazoea ya kuwahesabu, aliishia themanini na saba, na alijua kwamba nusu yao walifuata makande yaliyokuwa yakichemka nyuma ya goli.

Hakuwalaumu. Tangu mashine za kuchuma chai ziletwe, mashamba makubwa hayakuwa tena na haja ya mikono ya watu, na katika kata nzima hapakuwa na ukoo ambao haujamzika mtu aliyejitoa uhai. Ndiyo maana Ludilo iliipokea Sikivu mapema kuliko kata nyingine zote za nyanda za juu. Sikivu ilikaa ndani ya simu ya kila mtu mzima. Haikuhifadhi maneno. Ilisikiliza sauti tu: kasi yake, mapengo kati ya neno na neno, jinsi mtu anavyovuta pumzi kabla ya kujibu kwamba hajambo. Ikisikia hatari, ilimtumia ujumbe msindikizaji aliye karibu, naye alipaswa kuacha alichokuwa akifanya na kwenda kwenye nyumba hiyo.

Kuwafundisha wasindikizaji ndiyo ilikuwa kazi ya Edina. Alikuwa na miaka arobaini na sita, aliwahi kuwa muuguzi msaidizi, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Mambo ni matatu," aliwaambia watu ishirini na watatu walioketi kwenye mabenchi ya shule katikati ya uwanja. "Kaa naye. Muulize. Usiondoke mpaka apatikane mwingine wa kukaa naye. Sasa, kwenye kuuliza ndipo mnaponishinda. Mnazunguka mno. Mara habari za siku nyingi, mara mbona umekonda. Hapana. Uliza kwa maneno yenyewe: Je, unafikiria kujiua?"

Mama mmoja wa mbele akajifunika mdomo kwa kanga. "Mwalimu, si nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo?"

"Humtii, mama. Kama hana, atakwambia hana. Kama analo, umempunguzia kulibeba peke yake. Haya, geukeni wawili wawili, mwulizane."

Wakageukiana. Uwanja ukajaa minong'ono ya aibu, swali moja likitoka katika vinywa ishirini na viwili. Kwenye benchi la mwisho palikuwa na mtu aliyekosa wa kumgeukia, ingawa mabenchi ya mbele watu walikuwa wamebanana.

"Mwalimu, nina swali," alisema mtu huyo, akasimama.

Alikuwa Yoramu Kiswaga, fundi mitambo, mwenye miaka hamsini na minane. Hakuna asiyemjua Ludilo. Yeye ndiye aliyezifunga mashine za kuchuma chai, moja baada ya nyingine, miaka minane iliyopita. Kampuni ilimchukua kwa sababu hakukuwa na fundi kama yeye wilaya nzima, na mashine ya mwisho ilipowaka, kampuni ikamwachisha kazi na yeye.

"Mtu akisikiwa na Sikivu, halafu asije mtu yeyote, afanye nini?"

"Haitokei, mzee Kiswaga. Ujumbe ukitoka, mtu anakuja."

"Zamani walikuja. Mwaka jana na mapema mwaka huu walikuja mara kumi na tisa, nimeandika kwenye kalenda. Tangu Machi hajaja mtu." Alimnyooshea simu yake. "Nikadhani imeharibika. Nimeifungua, nimeikagua. Mimi ni fundi. Haijaharibika."

Minong'ono ilikoma. Watu waliangalia nyasi. Edina alishuka hadi benchi la mwisho, akaichukua simu, akaona alama ndogo ya kijani ya Sikivu inawaka kama inavyopaswa.

"Nitafuatilia," alisema. "Nakuahidi."

"Sina haraka," Yoramu alijibu, akaketi.

*

Jumatatu Edina alikwenda mjini, ofisi ya kanda. Daktari Lameck Nyalusi, msimamizi wa Sikivu, ndiye aliyemfundisha yeye mwenyewe miaka sita iliyopita, na walikuwa wanapendana kama watu waliowahi kufanya kazi ngumu pamoja. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga mlango.

"Nani mwingine alisikia swali hilo?"

"Uwanja mzima, daktari."

Nyalusi alikaa. "Ludilo una wasindikizaji wangapi leo?"

"Kumi na mmoja. Wale wa uwanjani bado wanajifunza."

"Na umewafundisha wangapi tangu tuanze?"

"Wamezidi mia mbili." Wote wawili walijua mahali wengine walipokwenda. Wengi walihamia mjini. Wengi walichoka. Wawili walizikwa, na ujumbe uliotoka simu zao zilipowasikia ulimfikia mtu aliyekuwa kwenye nyumba nyingine.

"Mnaletewa ujumbe ishirini na tano kwa siku, ninyi kumi na mmoja," alisema Nyalusi. "Sikivu inasikia sabini."

Edina alihesabu kichwani, akahesabu tena. "Hao arobaini na tano?"

"Wengine hatari yao ni ndogo, watasubiri. Na wengine..." Alivuta karatasi, akachora mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. "Kila msindikizaji akitoka kwenye nyumba, Sikivu inaendelea kumsikiliza yule mtu siku tatu. Inalinganisha sauti ya kabla na sauti ya baada. Huu ni wa kabla, huu ni wa baada. Nafasi iliyo katikati tunaiita tofauti ya ziara. Yuko mtu ambaye saa mbili zako zinampa miezi minane ya nafuu. Yuko ambaye zinampa wiki moja. Na yuko ambaye mistari yake imelaliana. Yoramu Kiswaga ana ziara kumi na tisa, na tofauti ni sifuri. Mara mbili alikuwa na hali mbaya zaidi baada ya kutembelewa."

"Kwa hiyo mmemwacha."

"Tangu Machi programu inapeleka ziara kule zinakookoa. Vifo katika kanda vimepungua kwa theluthi, Edina. Kuna watu mia mbili na kumi wanakula, wanalima, wanagombana na wake zao, ambao kwa hesabu za mwaka jana wangekuwa chini ya udongo. Ukinitaka nirudishe utaratibu wa zamani, niambie nimtoe nani kati yao."

Macho yake yalikuwa mekundu, na ndevu hazijanyolewa siku nyingi. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

"Kundi lao lina jina?"

"Baki," alisema Nyalusi. "Kama kwenye hesabu za kugawanya."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mtandao unasumbua."

"Nawafundisha watu wasimdanganye mtu aliye katika hali ile. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Basi mwambie kweli. Mwambie kwamba chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kumsikia kimemsikia, kikamkatia tamaa. Halafu urudi uniambie tofauti ya ziara hiyo ilikuwa ngapi."

Edina aliinuka, akajifungulia mlango.

*

Yoramu aliishi nyumba ya mwisho kabla ya chai kuanza. Kutoka barazani kwake mtu aliziona mashine zikipita juu ya mistari ya chai, polepole, bila dereva. Edina alifika asubuhi ya Alhamisi, akakaribishwa kigoda, na kabla hajapata maneno ya kuanzia, mwenyeji wake alimtangulia.

"Imenitoa kwenye orodha, siyo?"

Edina alikuwa na sentensi ya mtandao tayari mdomoni. "Ndiyo," alisema. "Imekutoa. Inasema tukija hatubadilishi kitu."

Yoramu aliitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi aliyeambiwa kasoro aliyokwisha kuibaini. "Afadhali umesema. Ningeitengeneza mimi, ningeitengeneza hivyo hivyo."

"Ilisema kweli?"

"Kuhusu nini?"

"Kwamba kutembelewa hakukusaidii."

Alifikiri. "Wenzako wanakuja kwa sababu simu imelia. Wanakaa, wananiuliza ulivyowafundisha, neno kwa neno. Mtu akiondoka, kesho yake tunakutana njiani, namsalimia kamwene, salamu yangu inaanguka chini, hakuna wa kuiokota. Basi najua kwamba jana hakuja kwangu. Alikwenda kwenye simu." Alitazama mashine zilizokuwa zikigeuza mwisho wa shamba. "Siwalaumu, Mwalimu. Ndugu zao wote walikuwa wachumaji. Hata kaka yangu."

"Hilo hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza hilo."

Tangu siku hiyo Edina alianza kwenda kwa Yoramu kila Jumanne na kila Ijumaa, bila ujumbe. Hakupeleka kitu wala hakuuliza sana. Walimenya viazi. Edina alimfundisha kusuka mkeka, naye alishindwa vibaya, wakacheka mara moja. Wakikutana sokoni, Edina alimsalimia kwa sauti ya uwanjani, na watu waligeuka. Wawili watatu walianza kuitikia.

Ijumaa ya wiki ya tatu Yoramu alianza kumzungumzia Nehemia, kaka yake. Hakuwa amelitaja jina lake kwa mtu yeyote kwa miaka minane. Nehemia alichuma chai tangu utotoni, na mwezi ambao shamba lake lilipewa mashine, alijitoa uhai. Yoramu alikuwa kiwandani, mikono imejaa grisi, walipokuja kumwambia.

"Mashine iliyomwondoa nilikuwa nimeifunga mimi wiki ile," alisema. "Nilinawa mikono, nikaenda kuzika. Jumatatu nikarudi kufunga ya pili."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Edina alikuwa ameisikia sauti ya namna hiyo mara nyingi, na hakuhitaji Sikivu kumwambia. Aliweka kisu chini.

"Mzee Kiswaga, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Leo. Nilingoja uje kwanza. Nilitaka kuaga." Halafu mtu yule mzima akainamisha uso kwenye magoti na kulia kwa sauti.

Edina alimshika mkono. Ndipo simu yake ilipotetemeka.

Aliisoma kwa mkono mmoja. Zaveria Mbilinyi. Ngazi ya tatu, ile ya juu kabisa. Umbali, dakika ishirini kwa miguu. Chini yake vitufe viwili: *Naenda* na *Mpe mwingine*.

Alimjua Zaveria. Nani asiyemjua? Binti wa miaka ishirini na minne, mtoto pekee wa Melania wa pale kisimani, aliyekuwa akipanga maparachichi kwenye ghala mpaka ghala nalo likaletewa mashine. Edina alimpigia, simu ikaita hadi ikakatika. Akampigia Melania, alikuwa mnadani mjini, hakupokea.

"Ni nani?" Yoramu aliuliza, uso umelowa.

"Kuna mtu ananihitaji. Simama, mzee, twende wote."

"Wapi?"

"Kisimani."

"Kwa Mbilinyi? Watanifungulia mbwa." Alijifuta uso kwa kiganja. Halafu akautoa mkono wake mkononi mwa Edina, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nenda, Mwalimu. Nenda kwa mtu wa maana."

Alisema kwa upole, bila kumsuta. Edina alisimama, akafika hadi ngazi ya baraza, akageuka. Yoramu alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ametulia kabisa, na utulivu ule Edina aliujua pia. Kama angekuwa na jirani mmoja wa kumwita aje akae hapa, mmoja tu, angeita. Alizipitia nyumba zote za njia ile kichwani mwake, moja baada ya nyingine, hakumpata.

Alibonyeza *Mpe mwingine*, akarudi, akaketi.

Ujumbe ulikwenda kwa Tito Mdegela, mwalimu mstaafu, ng'ambo ya bonde. Mzee wa watu alikimbia. Alivuka mto kwa miguu, suruali ikalowa hadi mapajani. Alifika baada ya saa moja na robo, na alipofika, Zaveria alikuwa amekwisha kufa.

*

Habari za msiba Ludilo hazilali njiani. Edina alitaka Yoramu azisikie kutoka kwake, kwa hiyo kesho yake asubuhi alikwenda kwanza kwake kabla ya kwenda msibani.

Yoramu alimsikiliza akiwa amesimama.

"Ungekwenda," alisema mwishoni.

"Ningekwenda, leo ungekuwa hai?"

"Sijui." Alifikiri kwa uaminifu. "Hapana. Nisingekuwa hai."

Edina alivuta kigoda, akaketi.

"Sasa umenifunga," alisema Yoramu. "Unaelewa? Jana nilikuwa na mlango mmoja, mbaya, lakini mlango. Sasa nikifa, yule binti amekufa bure. Itabidi niishi. Kila siku nitaamka, nitaishi, kwa ajili ya mtoto wa Mbilinyi, mpaka Mungu mwenyewe achoke na mimi." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma hukumu ya kifungo chake. "Nenda msibani. Mimi siendi. Nikienda nitawaharibia."

Sheria ya Sikivu iliwapa wafiwa haki ya kujua ujumbe ulikwenda kwa nani. Melania hakusubiri karatasi ya ofisi. Jumapili, baada ya kuzika, wanawake walipokuwa wamemketisha kwenye mkeka, alimwita Edina kwa mkono. Walikuwa wamekua pamoja. Waliimba kwaya moja.

"Tito anasema ujumbe ulianzia kwako."

"Ndiyo, Mama Zaveria."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Yoramu Kiswaga. Alikuwa katika hali hiyo hiyo."

Wanawake waliacha kumenya vitunguu.

"Yule?" alisema Melania. Haikuwa kelele. "Simu ilikutuma kwa Yoramu?"

Edina angeweza kusema ndiyo. Kila mtu pale alingoja aseme ndiyo. "Haikunituma," alisema. "Nilikwenda mwenyewe. Alikuwa analia, nikashindwa kumwacha."

"Kwa hiyo ulipima. Ukawaweka wawili kwenye mizani."

"Sikupima, dada. Naapa. Ningekuwa nimepima, ningekwenda kwako."

Melania alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kumpiga. Kisha akajifunika kanga kichwani, na hakusema naye tena.

*

Daktari Nyalusi alipiga simu katikati ya Agosti. Edina alidhani ni kuhusu barua ya onyo aliyokwisha kuandikiwa kwa kuupitisha ujumbe wa Zaveria, lakini sauti yake ilikuwa na kitu kama aibu.

"Kiswaga ametoka kwenye Baki," alisema. "Mistari yake imeachana. Programu haijawahi kuona mtu wa kundi lile akirudi. Imejifunza kutoka kwako, itaanza kujaribu na wengine. Nilitaka ulisikie hilo kwangu."

"Asante, daktari."

"Kuna jambo jingine. Ninyi bado ni kumi na mmoja tu. Yeye akipanda..."

"Kuna aliyeshuka."

"Ndiyo."

"Nani?"

"Siruhusiwi, Edina. Unajua."

Hakuhitaji kuambiwa. Alikata simu, akakaa akifikiri kwamba kwa wiki nne hakuna msindikizaji yeyote aliyepata ujumbe unaohusu nyumba ya kisimani. Mama aliyemzika mtoto wake wa pekee, na hakuna simu iliyolia. Wasindikizaji walikwenda mara nne katika siku za mwanzo. Melania aliwapa chai, akawajibu, akawasindikiza hadi njiani. Baada ya hapo hawakutumwa tena.

Asubuhi iliyofuata alikwenda. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, na shamba la viazi la Melania lilikuwa limejaa magugu. Mlango haukufungwa. Melania alikuwa ameketi jikoni mbele ya jiko lisilo na moto, amevaa koti la marehemu.

"Nilijua utakuja siku moja," alisema. "Uliza basi."

"Unafikiria kujiua, dada?"

"Kila asubuhi."

Edina aliketi sakafuni, maana hapakuwa na kigoda cha pili. Hakuomba msamaha; aliona kwamba msamaha ungekuwa kumwomba Melania kazi nyingine. Alikaa tu. Baadaye aliwasha moto, akabandika maji. Saa nzima ilipita, na Melania akasema maneno machache, juu ya koti, juu ya jinsi harufu inavyokwisha kwenye nguo mtu akiivaa sana, na asipoivaa pia.

Simu ya Edina ilitetemeka. Aliifunika haraka kwa kiganja, lakini Melania alikwisha kuiona.

"Ngazi ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ana mama?"

Edina alitazama jina. Ditrik Lupenza, seremala, alikuwa akiishi na mama yake nyuma ya kanisa. "Anaye," alisema. "Lakini siondoki hapa. Safari hii siondoki."

Melania aliinuka. Alivaa viatu vya mpira vilivyokuwa karibu na mlango, akakaza koti. "Twende."

"Dada..."

"Usidhani nimepona. Nataka kuona mtu anayefika kwa wakati anafananaje."

Walitembea haraka, bila kusemezana, Melania mbele. Njiani walipishana na Yoramu Kiswaga, jembe begani. Alivua kofia, akasimama pembeni kwenye umande hadi wakapita. Melania hakumtazama.

Kwa Lupenza mlango ulifunguka kabla hawajabisha. Mama yake Ditrik, mzee mfupi, aliwashika mikono wote wawili kwa pamoja, akawavuta.

"Mmewahi!" alisema. "Yuko ndani, anaongea, yuko hai. Jamani, wanangu, mmewahi! Asanteni! Mungu awape, mmewahi!"

Edina aliingia. Ditrik alikuwa ameketi kitandani, mikono katikati ya magoti, na alipoinua uso Edina aliona kwamba kweli wamewahi. Alivuta stuli, akaketi karibu naye. Aligeuka kumtafuta Melania.

Melania alikuwa bado kwenye kizingiti, mkono wake umeshikwa na yule mzee, na yule mzee alikuwa anaubusu, analia, anamshukuru. Melania alimwacha amalize. Kisha akautoa mkono wake kwa upole, akasema, "Ingia kwa mtoto wako, mama," akarudi nyuma hatua mbili, akageuka.

Kupitia dirishani Edina alimwona akishika njia ya kurudi kisimani, peke yake, haraharaka, koti la binti yake likimpwaya mabegani. Aliita jina lake. Aliinuka nusu. Ditrik akamkamata kanga.

"Usiniache," alisema yule kijana.

Edina alichomoa simu, akaandika jina la Melania kwa mkono wake mwenyewe, akaweka ngazi ya tatu, akatuma. Sikivu ilifikiri kidogo, kisha ikamjibu kwamba kwa sasa hakuna msindikizaji anayepangwa kwa mtu huyo. Alimpigia Tito. Tito alikuwa kwenye nyumba nyingine. Akampigia wa tatu, na wa nne.

Nje, ukungu ulikuwa umekwisha kuifunika njia.

Alikaa. Mkono wa Ditrik ulikuwa baridi, na alipoushika aligundua kwamba wake ulikuwa baridi zaidi. Mama yake alisimama mlangoni, akiwatazama kwa macho ya mtu aliyerudishiwa kila kitu.

"Ditrik," alisema Edina, na ilibidi asite apate pumzi. "Nitakuuliza kwa maneno yenyewe."